Mtihani Tulioufanya kwa Siri

Siku niliyokutana na Mutua mlangoni pa kituo cha mtihani kule Bloomington, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na aibu yake bado inanichekesha.

Nyumbani Kenya nilikuwa mhandisi. Hapa Minnesota nilichora madaraja tu, sahihi wakatia wengine, kwa sababu sikuwa na leseni, na leseni haipatikani bila kufaulu mtihani. Ofisini tulikuwa watatu wenye shahada za mbali: mimi, Ludmila Mrusi na Chen Mchina. Ludmila alisoma peke yake, lakini akifeli, ofisi nzima ilijua kabla ya chai. "Nimeanguka! Swali gani lile la kipumbavu?" Basi aliyejua jibu alimweleza. Chen ofisini alikuwa kimya. Ila kila Jumamosi, watoto wao wakifundishwa Kichina, yeye na wazazi wenzake Wachina walikaa ukumbi wa pili wakipeana madaftari ya waliofaulu kabla yao. Sisemi Warusi wote wako hivyo, wala Wachina wote. Nasema hao niliowaona kwa macho yangu.

Na sisi Wakenya je? Msiba ukitokea, kanisa letu la Brooklyn Park linajaa siku hiyo hiyo. Lakini mtihani hatuutangazi mpaka tuufaulu. Nilisoma miezi sita nikimdanganya hata mke wangu kwamba naongeza masaa kazini.

Sasa pale mlangoni namwona Mutua, ambaye kila Jumapili tunaimba naye besi kwenye kwaya, bega kwa bega.

"Ah, brathe! Uko huku?" nikamwuliza.

"Nime-drop tu beshte yangu, yeye ndiye anafanya mtihani."

"Hata mimi."

Dakika kumi baadaye tumeketi chumba kimoja, kila mtu na kompyuta yake, tukiogopa kutazamana. Tulifeli wote wawili.

Nilipomnong'oneza Ludmila habari hiyo, alinikazia macho. "Mnaimba pamoja, halafu kila mtu anahangaika kivyake? Mpigie simu. Sasa hivi, nikiona." Chen, taratibu, akanisukumia daftari lake. "Toa nakala mbili," akasema.

Nikapiga. Mutua akaniambia ile ilikuwa mara yake ya tatu, na alikwisha kuamua kuacha. Mara ya tatu, mwanangu, nami nasimama karibu naye kila Jumapili! Nililia pale pale ofisini, mzee mzima. Tukaanza kusoma pamoja baada ya ibada, na wake zetu wakatuletea chai huku wakitucheka. Yeye alifaulu kwanza, mimi nikafuata.

Kwa hiyo nakuomba, unapohangaika na jambo, sema mapema, kabla hujajua kama utaliweza. Mwambie aliye karibu nawe, kisha umwulize na yeye linalomsumbua, usikilize mpaka amalize. Huenda amechoka kukuzidi, na kesho anakata tamaa.

Mungu akujalie watu unaoweza kuwaambia "nimeanguka" bila kuona haya, mwanangu, na akufanye nawe uwe mtu wa namna hiyo.