Mwavuli Mwekundu wa Mwalimu Hashil

Mwalimu Hashil alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, na hakumwacha mtu yeyote wa Ibra asahau jambo hilo. Alihamia mji huo wa Omani akiwa kijana, akasomesha jiografia mpaka alipostaafu. Darasani alikuwa akiichora ramani ya Ulaya ubaoni huku uso kawageuzia wanafunzi, mkono ukijiendea wenyewe. Ulaya yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Safari zake zote zilikuwa Makka na Dubai.

Kwa hiyo binti yake Hajar, mfamasia huko Maskati, alipowaambia wazee wake kuwa anawapeleka Praga kwa wiki moja, Hashil hakusema ahsante. Alisema, "Mimi ndiye nitakayewatembeza."

"Baba, umewahi kufika?"

"Nimeisomesha."

Walifika mwezi wa kumi, manyunyu yakianguka. Hajar alipomwambia kuwa uwanja mkubwa wa pale unaitwa Uwanja wa Mji Mkongwe, baba mtu alisimama katikati ya mawe yaliyorowa, na koti lake refu juu ya dishdasha, akacheka kwa raha. "Mji Mkongwe! Mimi mtoto wa Mji Mkongwe. Vichochoro vya hapa vitanipotezaje?"

Hajar alimnunulia mwavuli kwenye kibanda. "Baba, shika mwavuli hii."

"Huu."

"Shika huu. Nyekundu tu ndo ilibaki."

"Mwekundu, mwanangu. Mwekundu ndio uliobaki."

Wakajipenyeza kwenye umati uliokuwa ukingoja saa kongwe ya ukutani ipige. Ilipofika saa kamili, kiunzi cha mifupa kilivuta kamba ya kengele, sanamu za watakatifu zikapita dirishani moja moja, kisha dirisha likafungwa. Kaltham, mkewe, aliendelea kutizama juu.

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha."

"Lahaula! Watu wote hawa walikuwa wakingoja haya?"

Hashil akaitetea ile saa kana kwamba kaitengeneza yeye. Alitetea sana, na baridi ilikuwa kali, na asubuhi alikunywa chai tele. Ikambidi akatishe hotuba. "Nakwenda msalani. Ningojeni hapa hapa."

"Baba, nikupeleke."

"Mtoto wa Mji Mkongwe hapelekwi msalani," alisema, akaondoka kifua mbele.

Kila kichochoro alichoingia kilipinda, kikapinda tena, kikamrudisha uwanjani, na kila aliporudi alitokea pembe nyengine. Kaltham hakuonekana. Simu alikuwa nayo Kaltham mkobani, maana Hashil alisema hataihitaji. Manyunyu yalikuwa yamekatika, basi akaufunga mwavuli na kuuinua juu kabisa ili mkewe auone, akaanza kutembea.

Baada ya hatua chache alihisi kuna watu nyuma yake. Akageuka. Wazee wa Kizungu, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na kitambulisho shingoni, walikuwa wamesimama wakimtizama kwa adabu. Akatembea, wakatembea. Akasimama, wakasimama. Ajuza mmoja mwenye nywele nyeupe alinyoosha fimbo na kumuuliza kwa Kiingereza lile jengo la rangi ya waridi lilikuwa la nani.

Hapo ndipo pa kusema sijui. Lakini Mwalimu Hashil hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya darasa, na hawa walikuwa darasa zuri kuliko yote aliyopata: kimya, wasikivu, hakuna anayetafuna kitu.

"La wafanyabiashara wa chumvi," alisema. "Karne ya kumi na nne."

Wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akapiga picha. Chumvi hiyo Hashil aliitoa kichwani mwake, lakini ilimkolea, akawaongezea ghala la chumvi na mfanyabiashara mmoja bakhili. Angeendelea mpaka magharibi, lau si ile chai.

Akaona kibao cha choo, mshale ukielekea chini kwenye ngazi. Akaukaza mwendo. Nyuma yake fimbo zikagonga mawe, ko-ko-ko, na wao wakaukaza. Alipofika mlangoni aligeuka awaambie warudi, akawakuta wameshapanga mistari, wanaume huku, wanawake kule. Mzee mmoja alimshika mkono akamshukuru kwa dhati. Toka asubuhi walikuwa wakipewa historia tu, alisema, na hakuna aliyewauliza haja zao.

Hashil alipotoka alimkuta msichana amesimama kwenye ngazi, anahema, machozi yanamlenga, mkononi ana mwavuli mwekundu uliofungwa. Huyo ndiye mtembezaji wao.

"Bwana, unawapeleka wapi watu wangu?"

Umri wote ule, na mvi zote zile, na jibu lililokuwepo ni moja. "Nilikuwa natafuta choo tu."

Wazee wale walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. "Na ile chumvi?" aliuliza ajuza.

Hashil akakiri. "Sijui. Niliizua."

Alitarajia kuzomewa, lakini walimpigia makofi. Msichana naye akacheka, akamuuliza amewaacha wapi watu wake, akamweka mwisho wa msururu. Hivyo ndivyo Kaltham na Hajar walivyomwona akirudi: nyuma kabisa, anafuata mwavuli wa mtu mwengine, wake kaubana kwapani. Hajar alimkimbilia, roho juu. Kaltham alipoelezwa kisa, alicheka hata shela likamwanguka mabegani, na huku anampigia simu dada yake Shaikha wa Ibra.

Khabari ikafika Ibra kabla yao. Walipotua nyumbani, Hashil aliona heri aihadithie mwenyewe kuliko kuhadithiwa. Watu waliokuwa wakimwogopa tangu skuli, wanafunzi wake wa zamani kina Badar, wenye ndevu zao sasa, walikaa mkekani kwake wakajipiga mapaja kwa kicheko, na yeye akagundua kuwa inapendeza.

Sasa kila mgeni akija huombwa aanze upya. Huanza vizuri, ila idadi ya wazee waliomfuata inazidi kukua. Kaltham akipita na birika la kahawa humkumbusha kwamba hawakufika hata ishirini.

"Mke wangu," humjibu, "wewe hukuwapo. Wamiminie watu kahawa."