Kibuyu Nilichokiacha Bila Mkaa

Jamani, bado masikio yananiwaka. Juzi nilisimama mbele ya maprofesa kutetea utafiti wangu wa mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa. Nyumbani Kimumu nilikuwa nimeweka maziwa kwa vibuyu viwili: kimoja nimekipaka mkaa, kingine nimekiacha bila, cha kulinganishia. Vyote vikatoa mursik ya kijivu, ladha moja! Mimi msomi, badala ya kushtuka, nikatangaza kwamba mkaa haufanyi kazi yoyote.

Nyuma ya ukumbi akainuka mama yangu, niliyemwalika aje anione niking'ara.

“Kiprono, si ulisahau kupaka mkaa kwa kibuyu moja? Siku ile nilikuja kwako nikaiosha, nikaipaka, nikaweka maziwa ingine.”

Maprofesa wakaweka kalamu chini. Mama akabaki amesimama, akitabasamu, akingoja nimshukuru.