Sentensi ya Mwisho Mstarini

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya serikali hapa Makole, nikifuatilia uhamisho wa mwanangu, akaingia baba mmoja wa Kondoa, kofia ya Kiislamu kichwani, amemshika binti yake mkono. Magoti ya binti yalikuwa na vumbi.

Kila asubuhi mstarini wanafunzi hukariri ahadi ya kuitumikia nchi. Mwalimu wa zamu alikuwa ameongeza mwishoni, "Tanzania itashinda kwa damu ya Yesu." Binti alifumba mdomo hapo, akaamriwa apige magoti.

"Ni maneno tu, mzee," alisema mwalimu mkuu, akizungusha kalamu.

"Kama ni maneno tu, mwalimu, yaondoe."

Kalamu ikatulia. Mwalimu wa zamu akaitwa, mama wa makamo, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nilitaka watoto waiombee nchi. Sasa tusemeje?"

"Semeni Tanzania, kisha mnyamaze," alijibu yule baba. "Kila mtu atamalizia moyoni."

Kesho yake nilipompeleka mwanangu nilibaki getini, roho juu, mimi Mkristo nisiyejua niombe upande upi ushinde. Watoto wakafika kwenye "Tanzania". Wachache wakaendelea kwa mazoea, wakakatisha. Kimya. Mwalimu wa zamu aliinamisha kichwa, midomo ikimcheza. Yule binti naye midomo ilikuwa inamcheza.

Nchi ilikuwa inaombewa pande zote, na hakuna aliyemsikia mwenzake.