Mzizi wa Mbuke na Punda

Mganga alikata mzizi mmoja vipande viwili. Kimoja akamfunga Mbuke kiunoni, cha pili akamfunga punda jike shingoni, maana Maduhu alilalamika kwamba mke hazai na punda naye hazai.

Mzizi haukusaidia kitu. Punda akazidi kuharibika: akawa anawapanda majike wenzake kama dume, na kumng'ata kila anayemsogelea. Hapo Maduhu akaingiwa na hofu, akamleta daktari wa mifugo kutoka Biharamulo.

Daktari alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono, akapapasa.

“Kifuko kimoja cha mayai kina uvimbe mkubwa kama papai,” alisema. “Ndio unaomtia udume. Cha pili kimesinyaa. Hawezi kushika mimba mpaka uvimbe utolewe. Na huu mzizi mvueni, unamchubua bure.”

Maduhu akaukata kwa kisu, akautupa.

Mbuke alikuwa amesimama hapo hapo zizini. Kamba ya mzizi wake ilikwisha kumtia kovu.

“Maduhu,” alisema, “punda umemletea daktari. Mimi je?”

Maduhu akarudisha kisu alani.

“Wewe hujamng'ata mtu.”