Zamu ya Nyumba ya Injinia

Mume wangu, injinia wa maji, hakufunga bomba bila kupitisha kiganja chini yake, aone kama bado linadondosha. Jioni aliwaosha wanetu miguu, na baadaye wajukuu, kwa kopo moja tu. Alipofikisha maji kijiji cha Kang'ata, nyumbani kwetu Handeni mjini bomba lilikuwa bado, na jirani yetu Chausiku akanicheka kisimani: "Mke wa injinia na ndoo kichwani!" Nilimweleza mume wangu kwa uchungu. Akachukua ndoo ya pili, tukapanga foleni pamoja, yeye na shati lake la ofisini. "Zamu yetu itafika, Mama Upendo."

Siku ya msiba wa mume wangu, bomba likiwa limeshafika kwetu, maji yalikatika. Chausiku, naye sasa bibi, aliingia uani na ndoo kichwani, akaitua mbele yangu.

"Leo usitoke, mwenzangu. Zamu ya kuletewa ni yenu."