Udongo Ulimini

Mzungu wa mawe, mtafiti wa miamba aliyeletwa Makumira na serikali ya Mwingereza, alikuwa na tabia ya kuonja udongo. Katika kila shimo alilochimbiwa na baba yake Ndeshi, alikwangua ukuta kwa kisu, akatia chembe ulimini, akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi. "Majivu haya," alikuwa akisema kwa upole. "Mlima Meru ulipokuwa ukiinuka, ulilifukia bonde, tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa kuna tope la ziwa. Endelea kidogo tu, mzee." Hata siku mzee alipomwambia ukuta unapasuka, alijibiwa vivyo hivyo: kidogo tu. Ukuta ukamfukia.

Mazishini Mzungu alikuja, kofia mkononi. Zamu yake ya kutupa udongo kaburini ilipofika, aliuchota, akautazama, akauonja. "Ziwa lilifika mpaka hapa!" alinong'ona kwa furaha.

Ndeshi akamkabili. "Tema, bwana! Huo ni wa kumfunika baba yangu."

Waombolezaji walikuwa wamemzunguka. Hakuona pa kutema. Akameza.

"Umeshiba?" Ndeshi akamwuliza. "Basi mtupie na baba."