Mpima wa Ziwa

Mwaka wa hamsini na tatu, Marcel, baba yake Klara, alimpigia kasia mpima aliyekuja Nungwe, pwani ya Geita, kuchora ramani ya chini ya ziwa. Vidole vya mpima vilinuka mafuta ya ng'ombe, maana aliyapaka kwenye chubwi, kipande cha risasi kwenye ncha ya kamba yake ya kupimia kina, ili tope au mchanga unate. Kila alipoivuta aliinusa, akatangaza kwa furaha: "Mchanga, Baba Klara!" Siku moja Marcel aliinua jiwe la nanga. Mpima akachungulia majini, akaona chini viota vya samaki aina ya sato, vya duara kama sahani. "Usitupe!" Akampokonya jiwe, akaliangusha mtumbwini, akayumba na kutumbukia majini mwenyewe. Alipoibuka, kabla hajatema maji, akauliza, "Viota vimepona?"

"Vimepona, bwana," Marcel akajibu, akicheka. "Sasa jiokoe na wewe."